Sechelela na sado: shajara ya kutafuta wahusika wa filamu fupi

Tunatengeneza filamu fupi ya dakika kumi na mbili hapa Dodoma. Kisa chenyewe ni chepesi: mama anayeuza karanga soko la Majengo na kaka yake, dalali wa viwanja, wanagombania shamba la urithi upande wa Ihumwa. Kaka anataka liuzwe, dada hataki. Kamera tumeazima, mpiga picha tunaye, bajeti ni shilingi 600,000. Kinachotusumbua ni wahusika, kwa hiyo shajara hii ni ya wahusika. Mambo ya taa na sauti nitayagusa yanapowagusa wao. Kibali cha Bodi ya Filamu kina daftari lake na hesabu yake. Ushauri wangu huko ni mmoja tu, anza mapema.

Mimi ndiye mwandishi. Mchana nina kibanda cha steshenari, nachapa barua za maombi ya kazi, hati za kiapo na mikataba ya watu. Usiku ndiyo naandika.

8 Februari 2025: Maswali sitini

Fomu imekamilika. Niliamini kwamba ukimjua mtu tangu kuzaliwa kwake, atajiandika mwenyewe. Nikatunga maswali sitini, nikawajazia wahusika wanne, wiki tatu nzima baada ya kufunga duka. Sechelela, yule mama, ana kurasa nne peke yake. Najua alibatizwa wapi, kovu la gotini alilipata vipi, mlenda anaupenda mzito au mwepesi, na alilala na njaa mara ngapi mwaka aliofiwa na mume.

Jana nikakaa kuandika sini ya kwanza. Kaka anatokea sokoni bila taarifa. Dada anafanyaje? Sikujua. Nilikuwa na majibu sitini mkononi na hata moja halikuniambia kama atasimama, atamsogezea kigoda au atajifanya hajamwona. Nikamfanya alie. Nikaona imekaa vizuri, nikaenda kulala.

Mke wangu ameipitia fomu ya kaka, Yohana, akacheka. Nimeandika amezaliwa 1975, halafu kwenye swali la 41 anakumbuka siku ilipotangazwa kwamba makao makuu yanahamia Dodoma. Uamuzi ule ulifanyika 1973. Nimechora mstari wa miaka kwenye karatasi moja ndefu: 1973 uamuzi, 2016 serikali inaanza kuhamia kwelikweli, 2018 Dodoma inakuwa jiji, na chini ya kila mwaka umri wa kila mhusika. Hiyo nimeibandika ukutani. Fomu zenyewe nimeziweka kwenye droo.

Karatasi na wino: 9,000.

1 Machi: "Huyu mama halali?"

Usomaji wa kwanza wa mezani, ukumbi wa kwaya tulioazima. Skripti ina kurasa kumi na sita. Kwa mpangilio wa kawaida wa skripti ukurasa mmoja hukadiriwa dakika moja, maana yake tayari tumezidi kwa dakika nne kabla hata ya kuanza.

Waigizaji hawajasomea. Sechelela anachezwa na mama mmoja wa kwaya, mtu wa Mvumi, miaka hamsini na kitu. Yohana ni fundi seremala. Neema, binti wa Sechelela, ni mwanafunzi wa chuo. Nafasi ya nne, mlinzi wa usiku, niliichukua mimi.

Mama wa kwaya alisoma hadi mwisho bila kusimama. Kisha akavua miwani.

"Mwanangu, huyu mama halali?"

"Analala, mama. Kwa nini?"

"Kila ukurasa analia. Atalala saa ngapi?"

Tulihesabu. Sechelela analia kwenye kurasa saba. Kwenye mbili anapiga magoti.

Balaa la pili lilikuwa lugha. Dada mpiga picha alichukua rula, akafunika majina upande wa kushoto, akatusomea mistari kumi bila kusema ya nani. Tulipatia mitatu, na hiyo mitatu kwa kubahatisha. Wote wanazungumza kama mimi ninapochapa barua rasmi. Dalali anasema "kutokana na hali hiyo". Binti wa miaka ishirini anasema "kutokana na hali hiyo". Kipimo cha rula nakipendekeza kwa yeyote. Hakina gharama na kinauma.

La tatu lilinitia aibu zaidi. Yule mlinzi nilimwandika wa kuchekesha, Mgogo mwenye lafudhi ya kuvuta, anayeombaomba sigara kila sini. Mama wa kwaya hakugomba. Alisema tu, "Mbukwenyi," ile salamu ya Kigogo, akanitazama. Nikaitikia. "Umesikia nilivyoisema? Sijaivuta popote. Hicho ulichoandika ni Kigogo cha wachekeshaji." Mimi ni mtu wa Kondoa, nimekaa hapa miaka kumi na nane, na bado nilimchukua mlinzi wangu kutoka kwenye vichekesho badala ya kumchukua kutoka kwenye geti ninalopita kila jioni. Nimemtoa kabisa. Hakuwa na kazi kwenye kisa, alikuwa pale watu wacheke.

Chai, maandazi na nauli: 31,000. Jumla 40,000.

22 Machi: Majengo, siku tatu

Nilikwenda sokoni kumtafuta Sechelela aliye hai. Nilimwendea muuzaji mmoja wa karanga, nikajieleza, nikamwahidi kwamba jina lake na sura yake haviingii popote. Akakubali. Nikatoa daftari, nikawasha kinasa sauti cha simu, nikauliza changamoto ni zipi.

Akanijibu kama yuko redioni. "Sisi akina mama wajasiriamali tunaiomba serikali ituangalie kwa jicho la huruma." Dakika ishirini za hivyo. Nilipomsikiliza usiku hakukuwa na sentensi hata moja ya kwake. Kosa lilikuwa langu: ukimwekea mtu kinasa sauti na neno "changamoto", anakupa hotuba.

Siku ya pili sikubeba kitu. Nilinunua karanga, nikakaa kwenye gunia lake, nikaomba kazi. Akanipa ungo nichambue, mbovu huku, nzima kule. Alipozoea kwamba nipo, akanisahau. Hapo ndipo nilipoona mkono.

Anapima kwa sado, kile kindoo cha kupimia. Bibi mmoja alikuja, hakuuliza bei mara mbili. Muuzaji alijaza sado, akaitikisa karanga zishikane, akajaza tena hadi kilima kikasimama, akamimina, halafu akaongeza konzi moja juu. Dakika tano baadaye akaja baba mmoja ameshuka kwenye gari, funguo mkononi, anabishana. Walivutana kidogo, mama akakubali bei haraka mno. "Haya baba, chukua, leo nakula hasara." Mkono wa kushoto ukaingia ndani ya sado, ukakaa humohumo, karanga zikamwagwa juu yake bila kutikiswa. Kwa macho sado ilijaa. Baba akaondoka ameshinda.

Nadhani nilitazama kupita kiasi.

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu, mama."

"Haya, chambua karanga."

Asubuhi moja, mkono uleule, sado ileile. Na wote wawili walikuwa yeye. Hakuwa mwema kwa bibi halafu mwizi kwa yule baba. Kwa hesabu yake mwenyewe alikuwa mtu wa haki mara zote mbili. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwaza fomu yangu. Kulikuwa na swali la 17, "Je, ni mwaminifu?" Nilijibu "Ndiyo".

Karanga (nimenunua nyingi kuliko tunavyoweza kula) na nauli: 32,000. Jumla 72,000.

12 Aprili: Nani mbele ya nani

Nimeacha fomu. Badala yake kila mhusika ana karatasi moja tu, imegawanywa kwa watu anaokutana nao. Kwa kila mtu naandika mambo matatu: anamwitaje, anamficha nini, na mikono yake inafanya nini wakati huo.

Nanakili sehemu ya Sechelela hapa kwa anayetaka kuiga. Mbele ya mteja mbishi anasema "baba" au "bosi", anaficha mkono, na mdomo unalalamika hasara. Mbele ya Neema anaitwa mama na hana muda wa kuongea, anaficha kwamba barua za chuo hawezi kuzisoma zikiwa na maneno magumu, kwa hiyo humwambia binti, "Nisomee, miwani nimeiacha sokoni." Miwani hana. Mbele ya kaka yake anamwita "Kaka" kwa sauti ya heshima hata akiwa na hasira, hasa akiwa na hasira, na hamtazami usoni. Anachomficha kaka ndicho kilichonichukua wiki mbili.

Toleo la zamani lilisema hataki kuuza shamba kwa sababu ni urithi na wazee wamezikwa pale. Ni sababu nzuri, na kila mtu anaitarajia. Mama wa kwaya ndiye aliyenitikisa: "Makaburi yanaweza kuachwa nje ya mauzo, watu wanafanya hivyo. Sema kweli, anaogopa nini?" Sasa Sechelela ameshakodisha nusu ya shamba kwa mtu wa alizeti, misimu miwili, bila kumwambia kaka, na pesa ameshazila. Makaburi bado anayataja. Anayataja kila mara. Ila sasa tunajua kwa nini anayataja kwa sauti kubwa hivyo.

Kuhusu lugha: kila mmoja nimempa tabia moja ya kusema, basi, nikajizuia. Yohana hamalizi sentensi zenye pesa. ("Pale ukikaa vizuri unaweza kupata, yaani, si haba.") Neema anajibu swali kwa swali. Sechelela anahesabu kwa Kigogo, chini kwa chini, na mistari hiyo siiandiki mimi. Kwenye skripti nimeweka tu "anahesabu", mama wa kwaya ataleta mwenyewe. Tulirudia rula. Nane kati ya kumi.

3 Mei: Tatizo la Yohana

Tulivyofundishwa fasihi sekondari, mhusika bapa habadiliki na mhusika duara ana sura nyingi. Mgawanyo huo ulitolewa na Mwingereza E. M. Forster mwaka 1927, na kipimo chake ni kizuri kuliko tulivyokikariri: mhusika duara anaweza kukushangaza na bado ukamwamini. Yohana alikuwa bapa kama sinia. Anaingia, anadai, anatisha, anatoka. Nilipojaribu kumshangaza mtazamaji, nilimfanya atubu mwishoni. Inashangaza kweli, lakini hakuna aliyeiamini, hata fundi seremala anayemcheza. "Kaka, mimi hapa natubu kwa sababu filamu inaisha?"

Nilianza kumpa huzuni za utotoni. Kiboko cha baba, njaa, na kadhalika. Hiyo ni njia ya mkato niliyoizoea: mtu mbaya mpe kidonda cha zamani. Haikumbadilisha kitu, ilimpa tu kisingizio.

Dawa ilitoka dukani. Mikataba ya mauziano nimechapa mingi, na karibu yote ina ule mstari: "kwa hiari yangu mwenyewe, bila kushurutishwa, nikiwa na akili timamu". Ukikaa upande wangu wa meza unaona watu wanavyousoma. Wapo wanaopita juu yake kama daraja. Wapo wanaosimama hapo, wanakohoa, wanauliza kama ni lazima uwepo. Sitaji mteja yeyote, na hili nimelichanganya makusudi. Nilijiuliza tu: Yohana alipouza sehemu yake mwenyewe ya urithi, aliusomaje?

Nikatazama karatasi ya ukutani. Kabla ya 2016. Aliuza kwa bei ya shamba, kwa hiari yake, akili timamu. Miaka mitatu baadaye aliyenunua akakata viwanja. Yohana hupita pale kila siku na pikipiki, na kila kiwanja kina ukuta. Ndiyo akawa dalali. Haongozwi na tamaa, au tuseme tamaa ni ya tatu. Ya kwanza ni kwamba alichekwa na hataki kuchekwa tena. Ya pili, ada ya Neema analipa yeye, na hajawahi kuisema.

Baada ya hapo sini yao haikuhitaji kitisho. Ana haki yake, dada ana haki yake, na wote wawili wanadanganya. Toba nimeifuta.

Kuchapa nakala mpya: 6,000. Jumla 78,000.

24 Mei: Mazoezi, na siri iliyovuja

Siku nne za mazoezi, jioni. Nitaandika mbili, zilizobaki zilikwenda tu.

Siku ya kwanza niliharibu mwenyewe. Niliwaita waigizaji wote nikawasimulia siri zote: shamba lililokodishwa, ada ya Neema, kuchekwa. Nilidhani nawasaidia. Matokeo: kila mtu akaanza kuigiza siri. Fundi seremala aliingia sokoni uso umeshaumia, kabla hata ya salamu. Mama wa kwaya alikuwa anaficha kitu kwa namna ambayo hata mpita njia angemwita polisi.

Kusahaulisha haiwezekani, kwa hiyo nilibadilisha siri. Usiku ule nilimpigia kila mmoja peke yake nikampa kitu kipya kidogo ambacho wenzake hawakijui. Yohana: leo asubuhi umeshapokea arubuni ya mnunuzi. Sechelela: leo mtu wa alizeti amesema atapita. Neema: unajua kuhusu ada, tangu mwaka jana. Nikawakataza kuambiana.

Kesho yake niliweka gunia, ungo na zile karanga zangu za Machi katikati ya ukumbi, nikasema gombaneni mkiwa mnachambua, ungo usipokwisha hakuna chai. Fundi hajui kuchambua, akawa anachanganya mbovu na nzima. Mama wa kwaya, huku anabishana habari ya makaburi, akawa anarekebisha rundo la kaka yake bila kumwambia. Kisha Yohana akanyoosha mkono kuchukua sado apate kukalia ndoo iliyokuwa chini yake. Mama akaivuta upande wake, haraka, kama unavyomvuta mtoto barabarani. Hakuna aliyemwelekeza. Nilimuuliza baadaye, akasema, "Ile ndiyo benki yangu, mwanangu. Utashikaje benki ya mtu?"

Hiyo imeingia, na kwa sababu yake nimekata kurasa mbili nzima. Zilikuwa zile ambazo Sechelela anamweleza Neema maisha yake kuanzia "unajua kwa nini niko hivi?" Nilizipenda sana. Zilikuwa fomu ya Februari imerudi kwa mlango wa nyuma. Skripti sasa ni kurasa kumi na mbili.

Nauli na chakula, siku nne: 84,000. Jumla 162,000.

14 Juni: Picha za majaribio

Kwa kifupi: upepo wa Juni umemeza sauti yote, tumejifunza kupiga asubuhi mapema na kukinga maikrofoni.

La wahusika ni hili. Nilinunua kitenge kipya cha Sechelela, na kwenye skrini kilionekana kipya, kina mikunjo ya dukani. Mama mzima akageuka tangazo. Jirani yangu alikubali kubadilishana na chake kikuukuu chenye fundo la pesa limeshavuta kona. Fundo lile lina hadithi kuliko aya zangu. Pili, mkono kwenye sado hauonekani kabisa ukipiga kutoka mbele. Dada mpiga picha amependekeza tupige kutoka nyuma ya bega la Sechelela, mtazamaji aone anachoona yeye na mteja asione. Kwa hiyo mtazamaji anakuwa mshirika wake kwenye wizi ule kabla hajajua kama anampenda.

Kitenge 18,000, kadi ya kumbukumbu 25,000. Jumla 205,000.

6 Julai: Siku mbili za kupiga

Zimepita salama. Posho za waigizaji watatu kwa 20,000 kwa siku ni 120,000. Mpiga picha 80,000, sauti 50,000, chakula 58,000, usafiri 40,000. Jumla ya mradi 553,000, zimebaki 47,000.

Neema amenishangaza. Mstari wake wa mwisho ulikuwa "Mama, mjomba ndiye anayelipa." Tulipiga mara nne, kila mara ulisikika kama taarifa ya habari. Mara ya tano alinyamaza, akachukua barua ya chuo, akamwekea mama mkononi juu chini, ameigeuza makusudi. Sechelela akaitazama kwa muda mrefu, akasema, "Nisomee, miwani nimeiacha." Tumeibakiza hiyo. Kwamba binti alijua tangu lini, sijui, na sijamuuliza.

19 Julai: Mkono

Nilipeleka toleo la awali sokoni, kwenye simu, nimwonyeshe yule muuzaji wa Machi kabla ya mtu mwingine yeyote. Alitazama dakika zote kumi na mbili, katikati akamhudumia mteja mmoja bila kuniomba nisimamishe. Kwa Yohana alisema "Hawa ndio wenyewe." Kwa barua hakusema kitu.

Kwa sado alicheka mpaka jirani yake akaja.

"Huyu anaiba hadharani. Atakamatwa leo leo."

"Si ndivyo nilivyoona, mama?"

"Wewe uliona mwisho. Unaanza kwa kufuta vumbi. Unaifuta sado ndani, mteja anaona wewe msafi. Mkono unabaki humo. Karanga zinaukuta." Akaonyesha, mara moja, haraka. Kisha akasema yule mama wa kwenye picha aje, atamfundisha mwenyewe.

Shoti ile tutairudia Jumamosi ijayo; nauli na posho zinatosha ndani ya 47,000. Mama wa kwaya alikwenda Majengo leo mchana kujifunza. Amerudi jioni, ameshaujua mkono vizuri, na mfuko wa karanga alioununua hukohuko. Tumeupima kwa sado yetu. Haukufika nusu, na alikuwa amelipia sado nzima.